Supu, Baridi, Waridi

Bi Zita aliipasha moto tena.
Mara ya nne wiki ile, nilimhesabia,
na kaka yangu akafumba macho
kama mwenye duka anayefunga saa sita mchana.

Panevėžys, Februari. Theluji imefika madirishani.
Vykintas ana miaka thelathini na mmoja,
mikono inayokwenda itakako yenyewe,
shingo iliyolala upande kama anayesikiliza ukuta,
na macho mawili, mafundi.
Anakikazia jicho kisanduku kwenye kishikwambi,
anahesabu moyoni hadi tatu,
tik,
na sauti ya mashine, ya bwana wa taarifa ya habari,
inatangaza anachotaka.

Au jirani ya anachotaka.

KULA ni mtu mwenye kijiko.
CHOO ni choo, hakuna fumbo hapo.
FURAHA ni uso wa njano; HUZUNI ni uso uleule, mdomo juu chini,
kana kwamba kutoka hii hadi ile
ni kupindua bakuli tu.
Hakuna NIMECHOKA KUULIZWA.
Hakuna USINIPAPASE KICHWA.
SUPU ipo: bakuli la kahawia, mistari mitatu ya mvuke.

Basi alisema SUPU. Kisha BARIDI.
Bi Zita, mwema, mwenye pumzi fupi,
"Pole mwanangu, imepoa," akaibeba hadi jikoni.
SUPU. BARIDI.
Ikarudi ikifuka.
SUPU. BARIDI. BARIDI.
Ikarudi ikitokota, akaipuliza weee,
na kijiko kikamjia mdomoni
kama adhabu ya upole.

Mimi nami, dada mtu, sikuelewa.
Nilimwandikia fundi wa programu kule Kaunas,
nikadai kamera imepofuka, mtandao unakwama,
fanyeni kitu.
Akajibu: macho yake hayana kosa.
Hakusema ya nani yanalo.

Aprili, mabati yakichuruzika,
Vykintas akauacha ukurasa wa vyakula.
Akasafiri: nyuma, nyuma tena, mbele,
akapita WANYAMA, akapita HALI YA HEWA.
Mama akasema amepotea.
Mkono wangu ulikuwa tayari njiani kumrudisha
aliposimama kwenye RANGI.
Tik.
WARIDI.

Mama ndiye aliyeanza kucheka,
kicheko kilichotokea magotini,
akashika meza asianguke.
Bitiruti! Bitiruti na maziwa ya mgando,
matango, vitunguu vya majani, yai lililokatwa nne,
supu ya kiangazi, rangi ya waridi isiyo na haya,
aliyokuwa baba akiikoroga kwenye ndoo, kifua wazi,
kabla hajaenda Norwei kwa miezi sita
ambayo sasa ni mwaka wa kumi na moja.
Haipashwi moto, ile. Anayeipasha apimwe akili.

Miezi miwili mtu anaomba Julai
nasi tunamletea jiko.

Usiku ule nilimchorea kisanduku kipya:
bakuli la waridi, bila mvuke, yai juu yake.
Nilijivuna, sifichi. Nikakiweka mbele kabisa
asipate tena taabu ya njia.
Akakitazama. Akanitazama.
Akakipita.
SUPU, tik, BARIDI, tik, hadi kule mwisho wa RANGI,
WARIDI,
taratibu, kama anayehesabu pesa alizochuma mwenyewe.

Nikakiacha kisanduku changu pale. Ubishi tu.

Kisha, Jumanne moja, nimechelewa kazini,
sijavua hata kiatu,
bwana wa taarifa ya habari akaita sebuleni
jina la supu niliyoichora.
Nikakimbilia jokofu. Nikaja na bakuli.
Akafumba macho: duka limefungwa.
Nikasimama, kijiko mkononi, maji ya theluji yakinichuruzika sakafuni.
Nikaliweka bakuli chini.
Nikavuta kiti, nikaketi karibu yake.

Akayafumbua.